Kima wa Gombe: mama mmoja, sura mbili

Alikuwa amekaa juu ya mchikichi, mkono mmoja kwenye shada la chikichi, wala hakutujali. Mwili ulikuwa wa kijivu kilichokolea, mabega mapana, na paji la uso lilikuwa na weupe kama wa kima wa bluu. Puani, hata hivyo, alikuwa na doa jeupe kama la kima mwenye mkia mwekundu, ila lililofifia, mithili ya chokaa iliyofutwa kwa kiganja. Mkia ulianza mweusi ukaishia na wekundu wa kutu. Kifuani kwake alining'inia kichanga.

Tulikuwa bonde la Kakombe, ndani ya Hifadhi ya Gombe, mkoani Kigoma, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mimi na wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Tulikuwa tumetoka Kibirizi alfajiri kwa boti la mbao, tumebanana na magunia ya watu waliokuwa wakienda Mwamgongo. Kila mwanafunzi alikuwa na daftari lenye safu tano alizozipigia mstari mwenyewe: sokwe, nyani, mbega mwekundu, kima mwenye mkia mwekundu, kima wa bluu. Kazi yao ilikuwa moja tu, kuweka alama kila wanapomwona mnyama.

"Mwalimu, huyu naye tunamwandika wapi?"

Mzee aliyekuwa akituongoza alinitangulia kujibu. "Huyo chotara, kijana. Upande wa baba ni bluu, upande wa mama ni mkia mwekundu. Wamo wengi humu."

"Jina si shida, mzee wangu. Shida ana mtoto. Mwalimu alisema chotara hazai."

Ni kweli, nilisema hivyo. Wiki mbili kabla nilikuwa nimesimama ubaoni nikaandika kwamba viumbe ni wa spishi moja iwapo wanaweza kuzaliana na kupata watoto wanaoweza nao kuzaa. Nikatoa mfano uleule wa miaka yote: farasi ana kromosomu 64, punda ana 62, mtoto wao nyumbu ana 63, na kwa kuwa 63 haigawanyiki katika jozi, nyumbu ni tasa. Wanafunzi hupenda mfano huo kwa sababu hesabu yake inafunga. Sasa hapa juu ya mchikichi alikuwapo mama anayemnyonyesha mwana, na hesabu yangu ilikuwa wazi kama mlango uliong'olewa bawaba.

Tena hesabu ya kima ni mbaya kuliko ya punda. Kima mwenye mkia mwekundu ana kromosomu 66. Kima wa bluu (ambaye, niseme, hana bluu yoyote ya maana, ni kijivu chenye kivuli) ana 72. Tofauti ni sita, wakati ya farasi na punda ni mbili tu. Kwa kanuni niliyoifundisha, mtoto wao angekuwa tasa maradufu.

Nimekiandika kisa hiki kwa sababu nimekutana na walimu wenzangu, na wasomaji wengine, wanaodhani kwamba chotara mwenye rutuba akionekana, basi ama wale wazazi walikuwa spishi moja tangu mwanzo, ama neno "spishi" halina maana. Naona yote mawili si sahihi, na wanyama hawa wa Gombe wanaonyesha vizuri kwa nini.

Nianze na zile kromosomu, maana ndizo zilizonitia aibu. Kromosomu ni kamba za ndani ya seli zilizobeba jeni, yaani maagizo ya urithi, na kuwa na kamba nyingi hakumaanishi kuwa na jeni nyingi. Katika jamii ya kima, historia kubwa ni ya kamba kukatika: kromosomu moja ndefu inagawanyika kuwa mbili fupi, na jeni zote zinabaki zilezile, kwa mpangilio uleule. Wakati wa kutengeneza yai au mbegu, kila kromosomu inatafuta mwenzake wa kulala naye sambamba. Chukua kanga moja nzima uitandike, kisha juu yake utandike nusu mbili za kanga ya pili ya jora lilelile. Maua yatakutana na maua, pindo na pindo. Vivyo hivyo kromosomu mbili fupi zinaweza kujilaza juu ya moja ndefu na mgawanyo ukaendelea, pengine kwa hitilafu za hapa na pale, lakini ukaendelea. Kwa nyumbu mambo hayakupangika vizuri hivyo, kwa sababu kromosomu za farasi na za punda zimepanguliwa na kupangwa upya kwa namna nyingi zaidi. Ile idadi ya 63 ni sehemu ya sababu tu. Kosa langu ubaoni lilikuwa kuifanya idadi ndiyo sheria.

Sasa mama mwenyewe. Mzee alisema kwa mazoea ya macho kwamba upande wa mama ni mkia mwekundu. Mtu aliyelifanyia jambo hilo kazi ndefu ni Kate Detwiler, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Florida Atlantic, Marekani, aliyewafuatilia kima wa Gombe kwa miaka mingi. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2019 alichukua kinyesi cha kima, chini ya miti, bila kumdunga sindano mnyama yeyote, akatoa humo DNA ya mitokondria.

Mitokondria ni yale majiko madogo ya ndani ya seli yanayopika nishati. Yana DNA yake yenyewe, mbali na ile ya kromosomu, na mtoto huipokea kutoka kwenye yai la mama peke yake. Baba hachangii. Kwa hiyo ukiisoma unasoma mama, mama wa mama, bibi wa bibi, mstari mmoja wa wanawake hadi huko nyuma usikojua mwisho wake.

Nje ya Gombe matokeo ni ya kawaida: kima wa bluu ana mitokondria ya kima wa bluu, mkia mwekundu ana ya mkia mwekundu. Ndani ya Gombe, wote walikuwa na mitokondria ya mkia mwekundu. Si wale machotara tu. Hata kima wa bluu ambaye kwa macho huwezi kumtilia shaka, mwenye paji jeupe na pua isiyo na doa, ukifuata mstari wa mama zake unaishia kwa bibi mwenye mkia mwekundu.

Msomaji wa Ujiji ataelewa haraka kuliko wa mahali pengine. Tuseme mwanamume wa Kimanyema alivuka ziwa zamani, akafika Ujiji, akaoa Muha. Binti yao akaitwa Mmanyema, kwa baba yake, naye akaolewa na Mmanyema mwingine aliyevuka. Binti wa huyo naye vivyo hivyo. Baada ya vizazi vitano, mtoto ni Mmanyema kwa jina na kwa ukoo, na ukimhesabia damu ni thelathini na moja kwa thelathini na mbili upande wa wanaume waliovuka. Ila mitokondria yake ni ya yule Muha wa kwanza, kamili, haijapungua hata chembe. (Watu wote ni spishi moja, mfano huu ni wa hesabu ya urithi na unaishia hapo. Sitaki mtu anitafute sokoni Mwanga.)

Fanya hesabu hiyohiyo kwa kima. Dume la bluu linampata jike la mkia mwekundu: mtoto ni nusu kwa nusu. Binti huyo akipandwa na dume la bluu, mtoto ni robo tatu bluu. Kisha saba ya nane, kumi na tano ya kumi na sita. Hapo doa la pua limekwisha na mkia umekuwa mweusi. Jicho linasema bluu, mitokondria inasema mkia mwekundu, na vyote viwili vinasema kweli kuhusu mambo mawili tofauti.

Kwa nini ilikuwa madume ya bluu na majike ya mkia mwekundu, isiwe kinyume chake? Jibu liko katika maisha ya kima ya kila siku. Katika spishi zote mbili kundi huwa na dume moja na majike kadhaa. Jike huzaliwa ndani ya kundi, hukulia humo, na kwa kawaida hufia humo. Dume likikua hufukuzwa au huondoka lenyewe kwenda kutafuta maisha. Anayetembea, basi, ni mwanamume. Gombe ni ukanda mwembamba: magharibi ziwa, mashariki kingo za miinuko, katikati mabonde yenye misitu kandokando ya vijito, na nje ya mpaka siku hizi ni mashamba ya mihogo na michikichi. Dume la bluu likifika huko peke yake, halina majike wa jamii yake wa kuwafuata. Wapo mkia mwekundu. Ni wadogo, yeye ni mkubwa kwao karibu mara mbili, na madume yao si rahisi kumzuia. Detwiler anaona kwamba hivyo ndivyo kima wa bluu walivyoanza Gombe, na kwamba mchanganyiko huu umedumu kwa mamia ya miaka, pengine maelfu.

Na kama wahamiaji walikuwa madume watupu, mitokondria ya bluu haingeweza kuingia Gombe hata madume mia wangefika. Haikupotea humo. Haikuwahi kuingia.

Basi je, ni spishi moja au mbili?

Fasili niliyoiandika ubaoni ni ya mwanabiolojia Ernst Mayr, aliyeitoa mwaka 1942, lakini imefupishwa vitabuni mpaka imepinda. Mayr hakusema juu ya mnyama mmoja na mwenzake. Alisema juu ya jamii za wanyama, tena katika mazingira yao ya asili: je, jamii hizi mbili zinachanganya uzazi wao, au kuna kitu kinazizuia? Simba na chui-milia waliozalishwa pamoja katika bustani ya wanyama hawamhusu. Kima mmoja chotara juu ya mchikichi naye, peke yake, hamhusu sana. Swali lake ni kama jamii mbili zimebaki mbili.

Hapo wanabiolojia wa leo wamekwenda mbele kidogo. Wengi wanaiona spishi kama mstari wa ukoo unaokwenda njia yake: jamii ya viumbe inayorithishana, inayobadilika pamoja, na kuachana polepole na jamii nyingine. Kutozaliana ni dalili mojawapo ya kuachana huko. Kutofautiana kwa sura ni nyingine, kutofautiana kwa makazi nyingine, DNA nyingine. Dalili hazifiki siku moja wala kwa utaratibu mmoja. Mwanabiolojia Kevin de Queiroz ndiye aliyelieleza hili kwa ufasaha mwishoni mwa miaka ya 1990, nami nikiri kwamba nilipolielewa nilijiona kama mtu aliyekuwa akigombana na saa kwa sababu jua linachwa taratibu. Bakteria wasiojamiiana na mifupa ya mnyama aliyekufa miaka milioni mbili iliyopita haviwezi kupimwa kwa fasili ya uzazi hata kidogo, lakini kwa mstari wa ukoo unaweza angalau kuuliza swali.

Nirudi Kakombe na swali hilo. Machotara wanakadiriwa kuwa kama asilimia 15 ya kima wa Gombe. Waliobaki, kwa macho, ni bluu au mkia mwekundu. Hebu fikiri: kama kila kima angekuwa anajamiiana na yeyote bila kuchagua, na hali hiyo ikaendelea kwa mamia ya miaka ndani ya msitu mdogo kama ule, tungekuta nini? Tungekuta aina moja ya kima, wote na doa lililofifia na mkia wa rangi mbili. Sura mbili za asili zingekuwa zimekwisha kama sukari ndani ya chai. Hazijaisha. Kwa hiyo kipo kinachowavuta kila mmoja upande wake.

Nadhani sehemu ya kinachovuta ni uso. Kima wa Afrika wana nyuso za ajabu: huyu doa la pua, yule nyusi, mwingine ndevu nyeupe, mwingine mashavu ya njano. Mwaka 2014 William Allen na wenzake waliingiza picha za spishi nyingi za kima kwenye programu ya kompyuta ya kutambua nyuso, wakakuta kwamba spishi zinazoishi eneo moja zimetofautiana nyuso zaidi kuliko zinazoishi mbalimbali. Ni kama timu mbili zenye jezi zinazofanana: zikiwa miji tofauti hakuna neno, zikikutana uwanja mmoja lazima moja ibadilishe. Uso humwambia jike nani wa kwao. Na kule Kibale, Uganda, ambako spishi hizi mbili zinaishi msitu mmoja na kila mmoja ana wenzake wa kutosha, machotara wameonekana lakini ni wachache sana. Jezi inafanya kazi pale unapokuwa na wa kuchagua. Dume lililofika bondeni peke yake halina.

Hukumu yangu, basi: ni spishi mbili, zenye mpaka unaovuja, na Gombe ndipo unapovuja zaidi. Nimeambiwa na mwenzangu mmoja wa somo la fizikia kwamba hilo ni jibu la kukwepa. Sikubali. Ziwa letu lina mpaka wa nchi nne, na usiku taa za wavuvi wa dagaa hazijui mpaka huo uko wapi, lakini hakuna anayesema Tanzania na Kongo ni nchi moja.

Kuvuja huko si mkosi wa Gombe pekee. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliosoma genomu nzima, yaani DNA yote, za spishi 22 za kima, ukakuta kwamba koo zao zimepitishiana jeni mara nyingi katika historia yao, hata zilizokuwa na idadi tofauti ya kromosomu. Na sisi hatuna la kuwacheka. Tangu mwaka 2010, Svante Pääbo na wenzake walipoisoma genomu ya Mneanderthali, binadamu wa kale aliyekwisha kutoweka, inajulikana kwamba watu ambao asili yao ni nje ya Afrika wana kama asilimia mbili ya DNA kutoka kwake.

Wakati wa kurudi, boti lilipita karibu na miamba, maji yakiwa matulivu, na hapo nikapata mfano wa kinyume ambao niliutupa haraka kwa wanafunzi kwa sababu jua lilikuwa linazama. Kwenye miamba ile wanaishi samaki wadogo waitwao Tropheus, urefu wa kiganja, wanaokwangua mwani wa kijani kwenye mawe. Hawapendi kuvuka mchanga wala kina kirefu. Ghuba moja ya mchanga inatosha kuwatenga na jirani zao, na kwa sababu hiyo ukifuata ufuko wa Tanganyika kutoka mwamba hadi mwamba unakuta rangi baada ya rangi: weusi, wenye mkanda wa njano, wekundu, wa machungwa. Ukiwaweka aina mbili kwenye tangi moja la kioo, mara nyingi wanazaliana vizuri tu. Hao kwa kanuni ya ubaoni wangekuwa spishi moja, ingawa ziwani wengi wao hawakutani. Kima wanakutana kila siku na wanazaliana, na bado wanabaki wawili. Ukikaa na mifano hiyo miwili kwa pamoja, kile kipimo cha "anazaa au hazai" kinaonekana jinsi kilivyo kifupi.

Kijana aliyeuliza alikuwa ameketi mbele, daftari gotini, limelowa pembeni. Alikuwa ameongeza safu ya sita na kuiandika "chotara", halafu chini yake akaweka alama mbili.

"Kwa nini mbili?" nikamuuliza. "Tulimwona mmoja."

"Na mtoto wake, mwalimu."

Nikamwambia kwamba huyo hatumjui. Pua yake bado ni ya kichanga. Baba yake anaweza kuwa bluu, anaweza kuwa mkia mwekundu, anaweza kuwa chotara mwenzake. Akaifuta ile alama ya pili nusu, akaiacha hivyohivyo. Akaniuliza tena kama kwenye mtihani wa taifa aandike haya. Nikamjibu kwamba kwenye mtihani aandike ya kitabuni, na hilo sikulipenda nilipolisema.

Kuna jambo moja lingeweza kunibadilisha mawazo kuhusu namna kisa hiki kilivyoanza. Nje ya hifadhi kuna vijiji vinavyotenga ardhi ili misitu irudi. Misitu hiyo ikiungana na mabonde ya Gombe, wanaotembea huenda wasiwe madume watupu. Siku moja kundi zima la bluu, majike na watoto, linaweza kufika. Hapo mitokondria ya bluu itaonekana Gombe. Na iwapo itapatikana leo, kabla msitu haujarudi, kwa mnyama ambaye ukoo wake umekuwa humo siku zote, basi ile hadithi ya madume wahamiaji itabidi iandikwe upya. Kipimo chenyewe kinaokotwa chini ya mti, kwa kijiti na kichupa.